Masomo ya Ng'ambo ya Bonde

Nilimaliza darasa la saba Maretadu na sikuchaguliwa kwenda sekondari. Waliochaguliwa shuleni kwetu walikuwa wachache, na wengi wao walikuwa wale waliozoea kunyoosha mkono darasani. Mimi sikuwahi kunyoosha mkono. Mwalimu akiniuliza nilisimama, nikatazama dawati, na jibu likabaki kooni hata kama nilikuwa nalijua. Watu walisema nina aibu. Bibi, ambaye ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki, alisema ile si aibu bali adabu, na kwamba watoto wa siku hizi wanaongea mno. Nikabaki nyumbani nikilima, nikikata majani ya ng'ombe na kuchota maji. Wakati huo sikuona kama kuna jambo limeharibika.

Halafu mkoa wetu ukakatwa kutoka Arusha na Babati ikawa makao makuu. Waliokwenda huko walirudi wakisimulia nyumba mpya za wageni, ofisi na maduka ya simu. Ilikuwa miaka ambayo mtu binafsi aliweza kufungua karibu kitu chochote: duka la dawa, shule, kampuni ya mabasi, chuo. Jumapili moja ikatangazwa kanisani kwamba chuo kidogo cha mapishi na hoteli mjini Babati kitachukua vijana waliomaliza la saba, kwa sababu wageni wa kupanda mlima Hanang walikuwa wanaongezeka na watu wa kuwapokea hawakuwepo. Ada ingesaidiwa na kanisa. Cheti cha sekondari hakikutakiwa. Kilichotakiwa ni kwenda kwenye usaili na kuongea Kiingereza mbele ya wakubwa wa chuo. Atakayeshindwa kuongea atarudi kwao.

Niliitaka nafasi ile kuliko kitu chochote nilichowahi kukitaka. Nilimwambia wifi yangu tu, mke wa kaka. Kaka alikuwa machimboni Mererani, na wifi alikaa kwetu na mtoto wao wa kwanza, mtoto wa kiume ambaye alikuwa ameanza kukaa bila kushikiliwa.

"Kuongea?" wifi akaniuliza. "Wewe?"

"Ndiyo."

"Hata mimi nakusikia kwa shida, na tunalala chumba kimoja."

Hata hivyo alinisemea kwa baba, na baba akaniruhusu kwenda kwenye masomo ya jioni.

Masomo yalifanyika katika chumba cha kanisa, upande wa pili wa bonde letu. Aliyefundisha alikuwa kijana aliyemaliza kidato cha sita, akisubiri kwenda chuo cha ualimu. Kwao ni tambarare chini ya Hanang, watu wa ng'ombe, na alikuwa na sauti ya mtu aliyekua akiita mifugo mbali. Hatukumlipa fedha. Alikuwa amekodi kipande cha shamba karibu na kanisa, na sisi wanafunzi tulilima shamba lile kwa zamu, tukapanda mahindi na maharage yake, tukayapalilia. Ndivyo tunavyofanya kwetu mtu akiwa na kazi kubwa kuliko mikono yake, kwa hiyo hakuna aliyeona ajabu.

Somo lililonipa shida lilikuwa la vitenzi vinavyofanya kazi ya kueleza kitu. Shule ya msingi tuliimba tu "break, broke, broken" kama wimbo, wala hatukuuliza neno la tatu ni la nini. Mwalimu huyu aliandika ubaoni "boiling water" na chini yake "boiled water". Akasema lile la kwanza linaitwa "present participle" na la pili "past participle", lakini majina yasitutishe.

"Mgeni amefika, ana kiu," akasema. "Amekuomba maji ya kunywa. Utampa yapi?"

Baba mmoja mwenye duka, aliyesoma pamoja nasi, akajibu haraka, "Boiling, mwalimu!"

"Umemuunguza mdomo! Mgeni wa watu kaondoka analia. Boiling ni yale yaliyo jikoni, bado yanachemka, sufuria inatokota. Boiled ni yale yaliyokwisha kuchemshwa, yakapoa, ukayafunika. Hayo ndiyo anakunywa."

Tulicheka, na nilielewa pale pale. Niliona jiko letu, na sufuria iliyo motoni, na mtungi uliofunikwa pembeni. Lakini aliponiuliza mimi, nilisema kitu ambacho hata mimi sikukisikia.

"Wewe binti," akasema, "unaongea nasi au unaongea na kola yako?"

Siku nyingine aliniuliza kwa Kiingereza habari za kazi. Nilikuwa nimetoka shambani, nimechoshwa na kazi ile ile ya kila siku, nikasema, "I am boring." Hakunicheka. Alieleza kwamba nimesema mimi ndiye ninayewachosha wengine, na kwamba aliyechoshwa husema "bored". Alisema hata sisi katika Kiswahili hatuchanganyi anayechosha na anayechoshwa, basi tusichanganye huko. Niliandika maelezo yake taratibu, kama ninavyoandika kila kitu. Nilikuwa wa mwisho kutoka chumbani siku hiyo.

Mahindi yalipokuwa yamefika magotini, mtoto wa wifi alishikwa na homa. Baba aliwapeleka zahanati kwa baiskeli, wakarudi na dawa, na homa ikashuka, kisha ikapanda tena. Alfajiri moja alifariki mikononi mwa mama yake, kaka akiwa bado Mererani.

Kwetu nyumba iliyofiwa na mtoto anayenyonya kama yule hukaa peke yake. Wazee wa Kiiraqw wanaita hali hiyo metimani. Mtu wa nyumba hiyo haendi kwa jirani wala jirani haji kwake. Haombi moto, haazimi jembe, hapokei kitu mkononi wala hatoi. Ng'ombe wake hawachungwi na wa wengine, na maji anachota chini ya mahali wanapochota wenzake, ili yaliyomgusa yasirudi kwao. Hali hiyo hukaa mpaka wazee waseme imekwisha, na mara nyingi husubiri msimu ugeuke. Siku hizi nyumba nyingi hazifuati tena. Katekista alisema wazi kwamba Mkristo hana haja nayo. Lakini bibi aliifuata, na hata wale majirani waliosema hawaamini hawakukanyaga kwetu.

"Sisi ni watu wa kanisa," baba alimwambia katekista kutoka ndani ya boma, katekista akiwa amesimama njiani. "Lakini tunaishi na watu. Mtoto wao akiugua kesho, nataka wawe wameniona nimekaa kwangu."

Katekista hakubishana naye. Aliomba akiwa palepale njiani, tukaitikia.

Kwa hiyo masomo yangu yaliishia hapo. Usaili ulikuwa wakati wa kuvuna maharage, na kwa hesabu ya bibi tungekuwa bado ndani. Sikulalamika. Ningelalamikaje, wakati wifi alikuwa anakaa mlangoni kutwa nzima na maziwa yamemjaa kifuani hayana wa kuyanyonya? Nilifanya kazi zake na zangu. Nilijiambia kwamba nafasi ile haikuwa yangu tangu mwanzo.

Jioni moja tulikuwa tunafunga ndama tukasikia sauti kutoka ng'ambo ya bonde.

"Shikamoo, mzee!"

Ilikuwa sauti ya mwalimu. Alikuwa amesimama kwenye mwamba ulio juu ya kijito, mahali ambapo njia ya kanisa inapita. Kutoka pale mpaka kwetu mtu anaonekana mdogo kama kidole, lakini kukiwa hakuna upepo sauti inafika.

"Marahaba!" baba akaitika. "Poleni na kazi!"

"Poleni na msiba! Mzee, naomba nimfundishe binti!"

"Hawezi kuja!"

"Najua! Nitamfundisha kutoka hapa!"

Baba akamgeukia bibi. Bibi alikuwa anapepeta, na hakusimamisha ungo. "Hajavuka maji?" akauliza.

"Yuko ng'ambo."

"Ana kitu anataka kuleta?"

"Anataka kupiga kelele tu, mama."

Bibi akafikiri. "Sauti haishiki kitu," akasema. "Lakini muulize mwenye mtoto."

Baba hakupenda kuuliza. Alisimama mbele ya wifi akakuna kichwa, akasema nyumba yenye msiba ikipiga kelele watu watatuelewa vibaya. Wifi hakuwa amesema neno zaidi ya salamu kwa siku nyingi.

"Mwacheni afundishwe," akasema. "Hapa ndani kuna kimya mno."

Basi nikatoka mpaka ukingo wa shamba. Mwalimu akapaza sauti, "Boil!" akangoja. Nilijua jibu. Nilifungua mdomo na hakikutoka kitu.

"Sikusikii!"

Nikajaribu. Hata ndama aliyekuwa karibu nami hakugeuka.

"Mjibu mtu wa watu," wifi akaniambia kutoka mlangoni, "atasinzia pale aanguke mtoni."

Nikavuta pumzi nikapiga kelele, "Boiling water!" Sikuwahi kupiga kelele namna ile maishani mwangu. Ng'ombe waliinua vichwa. Upande wa pili, watoto waliokuwa wanateremsha mbuzi walianza kucheka na kurudia, "Boi-ling wo-ta! Boi-ling wo-ta!" Nikageuka nikimbie ndani.

"Na ile nyingine?" mwalimu akaita, kana kwamba hakuwasikia.

"Boiled water!"

"Kunywa!" akajibu, na hata bibi, ambaye hakujua Kiingereza hata kidogo, akatikisa ungo akacheka.

Tangu hapo alikuja karibu kila jioni isiyo na mvua. Hakuweza kunipa kitabu wala kusahihisha daftari langu, kwa kuwa hakuna kitu kilichoruhusiwa kuvuka. Kwa hiyo alinipa njia nyingine. Aliniambia nitembee uwanjani kwetu nitaje kila ninachokiona, na kabla ya kukitaja nijiulize swali moja tu: jambo linaendelea, au limekwisha? Kama linaendelea, kitenzi kivae "ing". Kama limekwisha au kitu kimetendewa, nitumie lile neno la tatu.

Nikaanza kutembea. Maharage machache tuliyochuma mapema tukayaanika kwenye turubai, bado mabichi, yalikuwa "drying beans". Ya mwaka jana yaliyo kwenye kihenge yalikuwa "dried beans". Jembe lililopasuka mpini lilikuwa "broken". Gunia lililoraruka, "torn". Moshi unaopanda juu ya paa, "rising smoke". Ng'ombe aliyekuwa anakula, "grazing cow", na yule aliyekwisha kukamuliwa, "milked cow". Hapo nilimwita mwalimu nikamuuliza kwa nini gunia si "tore" wala jembe si "broke", akajibu kwamba neno la pili ni la kusimulia jana, halielezi kitu. "Neno la pili ni la hadithi!" akapiga kelele. "La tatu ni la hali!" Nimesoma maelezo marefu zaidi ya hayo baadaye, na bado nikikwama narudia hayo.

Vilevile alinifundisha kwamba neno la tatu hufuata "have" na pia hufuata "is" na "was": "I have eaten", "the cow was milked". Hilo nililishika upesi. Kilichonitesa ni kwamba maneno mengine hayana utaratibu, na siku za kwanza nilisema "eated" na "breaked" kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. Vijana wa pikipiki waliokuwa wanapita kwenda Dongobesh walizima injini makusudi wasikilize.

"Dada, chai yetu bado boiling au tayari boiled?" mmoja akaniitia.

"Njoo uingize kidole utajua!" wifi akamjibu.

Nilimtazama wifi. Naye alikuwa amejishangaa mwenyewe. Siku hizo alikuwa ameanza kukaa nje kwenye kigoda wakati wa somo, akichambua maharage, na mara nyingine alitamka jibu chini chini kabla yangu. Nilimsikia, lakini sikumwambia.

Jioni moja mwalimu alipaza sauti, "Sleep!" Nadhani alikuwa anafuata orodha iliyo kichwani mwake na hakufikiri. Nami nikajibu kama tulivyojibu zamani darasani, "Sleeping child!" na neno likavuka bonde, nikalisikia likirudi.

Mimi sikuthubutu kugeuka nyuma.

"Maana yake nini?" wifi akauliza.

"Mtoto anayelala."

"Na aliyekwisha kulala?"

Nilimwambia sijui. Akasema, "Muulize."

"Wifi, tuache."

"Muulize."

Nikamuuliza mwalimu. Alisema kwa kitenzi hicho neno la tatu halitumiki kueleza mtu, kwamba Kiingereza kinasema tu "sleeping", hakina jingine. Nikamweleza wifi. Aliendelea kuchambua maharage, akitupa mabovu pembeni, na machozi yakimdondoka, na hakuingia ndani. "Basi hilo hilo linatosha," akasema. Kisha akaniambia nimjibu mwalimu, asije akafikiri tumekasirika. Nikaita kwamba tumesikia. Mwalimu akaaga, na kesho yake alirudi.

Maharage yakaanza kukauka shambani na siku ya usaili ikakaribia. Hapo ndipo mambo yalipokuwa magumu, kwa sababu kujifunza ni jambo moja na kutoka ndani ni jingine. Mwalimu aliuliza kutoka ng'ambo kama nitakwenda, na baba akatuita ndani. Tulizungumza. Baba alisema kama nikipita njia ya kijiji na kupanda basi mbele ya watu, halafu nirudi kulala hapa, itakuwa kama tumewadharau majirani waliotuheshimu miezi yote hiyo. Nilijua anasema kweli. Nilisema nitaacha.

"Hakuna aliyekuambia uache," bibi akasema. "Baba yako amesema habari ya kurudi. Mimi nafikiri habari ya kutoka."

Kesho yake bibi alikwenda mpaka kijitoni, upande wetu, akakaa kwenye jiwe mpaka mzee wa ukoo wa jirani alipoteremka kunywesha ng'ombe wake, juu kidogo ya pale alipokaa. Walizungumza wakiwa na maji katikati, kwa lugha yetu, muda mrefu. Nilikuwa nyuma ya bibi. Yule mzee aliuliza kama ninakwenda kuolewa. Bibi akasema nakwenda kusoma. Akauliza kusoma nini. Bibi akasema, "Hayo mnayoyasikia kila jioni."

"Ya maji ya moto?"

"Hayo hayo."

Mzee alicheka akakohoa. Mwishowe wakakubaliana hivi: niondoke alfajiri kabla njia haijapitiwa na mtu wala mnyama, nifuate kijito kuteremka, nisikanyage shamba la mtu, na nipande basi mbali, mahali ambapo watu hawanywi maji yetu. Na nikishatoka nisirudi mpaka wazee waseme imekwisha. Nikikosa nafasi pia nisirudi. Nitakaa kwa shangazi Babati.

Hilo la mwisho lilinikaa moyoni. Kama nikishindwa kuongea, sitakuwa na chuo na sitakuwa na nyumbani, na wifi atabaki na kimya chake.

Wifi alinisuka nywele usiku wa kuamkia safari. Hakunipa maneno mengi. "Ukifika mbele yao," akasema, "fikiria wako ng'ambo."

Nilifuata kijito mpaka viatu vikajaa maji. Nilipanda basi mbali na kwetu, likateremka kwenye bonde la ufa kupitia Dareda, na nikafika Babati nikiwa na vumbi mpaka kwenye kope. Shangazi alinipa maji ya kuoga na gauni lake. Asubuhi yake nikaenda chuoni.

Tulikuwa vijana wengi kwenye benchi. Walioitwa kabla yangu walisikika wakizungumza ndani kwa sauti ndogo, za kistaarabu. Zamu yangu ilipofika niliingia nikamkuta mama wa makamo mwenye miwani na kijana mmoja akiandika. Nikasema shikamoo kwa namna yangu ya siku zote, na mama yule akainamisha sikio. Kisha akaniambia kwa Kiingereza nikae nieleze ninatoka wapi.

Nikafikiria wako ng'ambo.

"I COME FROM MARETADU!" nikasema.

Kijana aliangusha kalamu. Mlango ulifunguliwa na mpishi akachungulia kuona kuna nini. Mama yule alivua miwani.

"Binti," akasema kwa Kiswahili, "kuna mtu amekukosea hapa?"

"Hapana, mama."

"Sikusikii."

"Hapana, mama."

"Bado. Mbona kwa Kiingereza umenitoboa masikio?"

Nikajaribu kumweleza. Nilisema habari za msiba, na bonde, na mwalimu juu ya mwamba, na kadiri nilivyoeleza ndivyo sauti ilivyozidi kuzama. Alisogeza kiti, akasogeza tena, mpaka magoti yetu yakakaribia kugusana. Alikuwa mtu wa huko juu pia, sikujua. Niliposema metimani aliacha kusogea.

"Kwa hiyo Kiingereza chote umejifunza kwa kupiga kelele."

"Ndiyo, mama."

"Hujawahi kukiongea na mtu aliye karibu?"

Nikafikiri. "Nilijaribu. Hakikutoka."

Akamtazama kijana, akasimama. "Twende nje."

Nyuma ya chuo kulikuwa na uwanja mrefu, jiko upande mmoja na kamba za nguo upande wa pili. Aliniambia nisimame kwenye kamba, naye akaenda mpaka mlango wa jiko. Wale wa benchi walikuja kuangalia. Kutoka kule akapaza sauti kwa Kiingereza, "What do you see?"

Nikaona ni swali la kwetu. Nilijiuliza kinachoendelea na kilichokwisha, nikataja. Mashuka yaliyo juu ya kamba, "hanging sheets". Viazi kwenye beseni, "peeled potatoes". Mkaa, "burning charcoal". Kiti kilichovunjika mguu, "broken chair". Wapishi walitoka wakapiga makofi kwa kila jibu, na mmoja akaniuliza yeye ni nini. Nikasema, "Laughing cook!" Wakacheka zaidi.

Mama yule alicheka nao. Kisha akapiga hatua mbele akauliza swali jingine: nimefikaje Babati. Nikajibu kwa sauti. Akasogea tena, akauliza nimekula nini asubuhi. "I have eaten bread," nikasema, na nilifurahi kwamba sikusema "eated". Akasogea akauliza habari za bibi, habari za ng'ombe, mgeni mwenye kiu hupewa maji gani. Kila aliposogea nilipunguza sauti bila kuambiwa, kwa sababu mtu hampigii kelele anayemkaribia. Nilikuja kutambua mwishoni kabisa kwamba amesimama mbele yangu, na kwamba tunazungumza Kiingereza kama watu wawili waliokutana sokoni. Nikanyamaza ghafla.

"Usinyamaze," akasema. "How is your sister-in-law?"

Nilimweleza habari za wifi. Nilikosea maneno kadhaa, naye hakunisahihisha.

Akavaa miwani yake. "Masomo yanaanza Jumatatu. Njoo na ndoo na blanketi. Na hapa tunaongea, hatuiti ng'ombe. Hilo utalizoea."

Nilirudi kwa shangazi nikitembea katikati ya watu wa mjini bila kuwaona. Alikuwa uani anafua, mgongo ameupa lango.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Haya, niambie."

"Wamenichukua."

"Wamefanya nini?"

"Wamenichukua."

Aligeuka akiwa na povu mpaka viwikoni, akanitazama usoni, na nadhani uso ulimweleza kabla ya maneno. "Mtoto huyu!" akasema. "Amechukuliwa chuoni, na ananinong'oneza kama kaiba kuku! Hebu sema tena, jirani naye asikie."

Nikasema tena, na jirani akasikia.